Nilivyoivunja namba 4,294,967,297 kwa kalamu na daftari

Namba yenyewe ndiyo hiyo: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na sitini na saba elfu, mia mbili tisini na saba. Ukiitazama juujuu haina la ajabu, kuna akaunti za benki zenye tarakimu nyingi zaidi. Ila hii ilimponyoka Pierre de Fermat, mmoja wa vichwa vikubwa vya hisabati Ulaya, ikapita miaka 92 kabla mtu hajaonyesha kinachoigawa. Nilichotaka ni kuivunja mwenyewe kwa mkono, bila kompyuta, kisha niwe na uhakika kwamba vipande vyake havivunjiki tena. Niliweza. Naandika njia yote kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma yanaruka palepale ambapo mtu wa kawaida anahitaji kushikwa mkono.

Mimi si mwalimu wa hisabati. Kazi yangu ni kukagua mahesabu ya vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS kama tunavyoviita, na shuleni niliishia kidato cha sita mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati). Kujumlisha safu ndefu na kugawanya kwa mkono hakunitishi. Aliyeniletea namba hii ni mtoto wa dada yangu anayesoma kompyuta chuoni. Alikuwa ananieleza kwamba mashine ya biti 32 mwisho wake wa kuhesabu ni 4,294,967,295, ukiongeza moja inarudi sifuri kama mita ya gari iliyofika mwisho.

“Sasa mjomba, ukiilazimisha ibebe 4,294,967,297 itaona nini?”

“Itaona 1.”

“Hapo sawa. Ila hiyo namba ina mambo. Fermat aliamini ni tasa, na siyo. Kuivunja kwa mkono labda uwe Euler.”

Nikamwambia aniachie kitabu chake.

Kwanza kabisa nilitaka kujua namba hii imetoka ukoo gani. Ni 2³² + 1, yaani 2 ijizidishe mara 32, halafu uongeze moja. Kwa kizio cha mbili inaandikwa 1, zikifuata sifuri 31, halafu 1. Ndugu zake wakubwa ni hawa:

2¹ + 1 = 3
2² + 1 = 5
2⁴ + 1 = 17
2⁸ + 1 = 257
2¹⁶ + 1 = 65,537

Kila mmoja ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Kipeo kinaongezeka maradufu kila hatua, kwa hiyo anayefuata ni huyu wetu. Mwaka 1640 Fermat alimwandikia mwanahisabati mwenzake, Frenicle, kwamba anaamini wote katika mlolongo huu ni tasa, ingawa alikiri hana uthibitisho. Suala likalala hadi 1729, mwanahisabati Christian Goldbach alipomuuliza mwenzake Leonhard Euler kama analijua. Euler alikuwa bado kijana, anafanya kazi St. Petersburg. Mwaka 1732 akatoa jibu: namba ya sita katika mlolongo inagawanyika kwa 641.

Jibu basi lilikuwa kitabuni tangu mwanzo. Nilichokuwa natafuta ni barabara ya kufika pale, mtu afike 641 bila kuambiwa.

Njia ya nguvu inajulikana: chukua kila namba tasa, gawanya, tazama baki. Huna haja ya kuvuka kipeuo cha pili cha namba, kwa sababu kama ina vigawo viwili, mmojawapo lazima uwe chini ya hapo. Kipeuo cha pili cha 4,294,967,297 kinazidi 65,536 kwa unywele tu. Namba tasa zilizo chini ya 65,536 ni 6,542. Kugawanya namba ya tarakimu kumi mara elfu sita na ushee kwa mkono ni adhabu, hata kwa mkaguzi. Kikokotoo cha dukani cha tarakimu 12 (cha kuhesabia, si kile cha wastaafu) kingepunguza machungu, lakini nacho nilikiweka kando.

Nilianza na vipimo vya bure. Namba inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, na 59 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo 3 haimo. Kwa 7, 11 na 13 kuna ujanja mmoja unaozimaliza zote kwa mkupuo, na nashangaa kwa nini hatukufundishwa. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001, unakata namba katika mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha unatoa na kujumlisha kwa zamu:

297 − 967 + 294 − 4 = −380

Kama 380 ingegawanyika kwa 7, namba nzima ingegawanyika kwa 7. Vivyo hivyo kwa 11 na 13. Haigawanyiki kwa yoyote. Tatu zimeondoka kwa mstari mmoja.

Kisha kuna jambo ambalo lilinifanya niweke kalamu chini kidogo. Zidisha wale ndugu watano wote pamoja:

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 = 4,294,967,295

Zao lao limepungua 2 tu kufikia namba yetu. Kwa hiyo chochote kinachogawa mmoja wa hao watano na pia kigawe namba yetu, lazima kigawe 2, ambayo ni tofauti kati yao. Namba yetu ni witiri. Basi 17, 257 na 65,537 nazo zimetoka, bila kugawanya hata mara moja. Na kumbe 4,294,967,295 ndiyo ileile mwisho wa kuhesabu wa mashine ya biti 32.

Hadi hapo nimeondoa namba chache kati ya 6,542. Kazi yenyewe ilikuwa mbele, na inaanza na swali ambalo katika ukaguzi ni la kila siku. Fedha ikipotea chamani huanzi kufukua kila stakabadhi. Unauliza kwanza ni nani hasa alikuwa na mamlaka ya kusaini. Wengine wote unawaacha. Na kwa namba swali ni hilohilo: kigawo cha 2³² + 1 lazima kiweje ili kistahili hata kushukiwa?

Chukua namba tasa ndogo, tuseme 17, na uangalie mabaki ya 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea ukigawa kwa 17. Huhitaji kugawanya, unazidisha baki lililopita kwa mbili, likizidi 17 unatoa 17:

2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, 1

Ukifika 1, mchezo unaanza upya: 2, 4, 8. Mzunguko una hatua nane. Tazama hatua ya nne: baki ni 16. Naipenda zaidi kuiita “pungufu ya 1”, kwa sababu 16 imepungukiwa na 1 kufikia 17. Ukiwa na pungufu ya 1, yaani −1, ukaizidisha kwa yenyewe, unapata 1. Ndiyo maana hatua ya nne ikiwa −1, ya nane ni 1. Nusu ya mzunguko iko −1, mwisho wake uko 1.

Sasa inaingia kanuni ya Fermat mwenyewe, aliyoiandika kwenye barua nyingine kwa Frenicle, mwaka uleule wa 1640: kama p ni namba tasa isiyo 2, basi 2 kwa kipeo cha p − 1 ukiigawa kwa p, baki ni 1. Kwa lugha ya mzunguko: baada ya hatua p − 1 lazima uwe umesimama kwenye 1. Na kwa kuwa unasimama kwenye 1 kila mzunguko unapokamilika, na si mahali pengine popote, basi urefu wa mzunguko lazima ugawe p − 1 bila baki. Kwa 17, mzunguko ni 8 na p − 1 ni 16. Inakubali.

Rudi kwenye namba yetu. Tuseme kuna namba tasa p inayoigawa 2³² + 1. Maana yake 2³² ukiigawa kwa p ni pungufu ya 1. Hatua ya 32 ni −1, kwa hiyo hatua ya 64 ni 1. Urefu wa mzunguko lazima ugawe 64, kwa hiyo ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 au 64. Kama ungekuwa 32 au pungufu ya hapo, hatua ya 32 ingekuwa 1, nasi tumeshasema ni −1. Basi mzunguko ni 64 kamili. Na kwa kanuni ya Fermat, 64 inagawa p − 1.

Kigawo chochote tasa cha namba yetu, basi, ni kigawe cha 64 kikiongezewa 1. Asiye na sura hiyo hana saini.

Hapa ndipo ninapomshangaa Fermat. Ufunguo ulikuwa wake, wa mwaka uleule, na kufuli ilikuwa mbele yake. Sijui mtu wa kiwango chake alipitaje bila kuujaribu. Euler alitumia ufunguo huohuo.

Orodha ya washukiwa ni fupi mno:

65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641…

Ondoa zisizo tasa: 65 na 385 zinagawanyika kwa 5, 129, 321 na 513 zinagawanyika kwa 3. 257 ilishatoka kwa ule ujanja wa zao. Wanabaki 193, 449, 577 na 641. Hadi kufika 641 ni hao wanne tu.

Na hata hao huhitaji kuwagawanyia namba ya tarakimu kumi. Unapanda kwa vipeo vya pili: 2⁸ ni 256; ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2¹⁶; ukizidisha tena unapata 2³². Kila hatua unabakiza baki tu, kwa hiyo namba hazikui. Nilianza na 193:

256 − 193 = 63
63 × 63 = 3,969; toa 193 × 20 = 3,860; baki 109
109 × 109 = 11,881; toa 193 × 61 = 11,773; baki 108

Hilo 108 ni baki la 2³². Ongeza 1: 109. Si sifuri. 193 nje.

Kwa 449: 2¹⁶ ni 65,536, na 449 × 146 = 65,554, kwa hiyo ni pungufu ya 18. 18 × 18 = 324. Ongeza 1: 325. Nje. Kwa 577: baki la 65,536 ni 335, kipeo chake cha pili ni 112,225, ukitoa 577 × 194 = 111,938 unabaki na 287. Ongeza 1: 288. Nje.

Halafu 641:

65,536; toa 641 × 102 = 65,382; baki 154
154 × 154 = 23,716
641 × 37 = 23,717

Pungufu ya 1. Ongeza ile 1 na baki ni sifuri. Nilijua jibu tangu mwanzo, lakini kuona 23,716 na 23,717 zimekaa mstari juu ya mstari, zikitofautiana kwa kimoja kilekile ninachokihitaji, kulinipa raha ambayo kukiona kitabuni hakukunipa.

Kuna uthibitisho mwingine wa 641 unaopendwa sana kwa ufupi wake. 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Kutokana na sura ya kwanza, 5 × 2⁷ ni −1, kwa hiyo ukiipandisha kwa kipeo cha 4, 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Kutokana na sura ya pili, 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka −2⁴ mahali pa 5⁴: −2³² ni 1. Imekwisha. Ni mzuri, sikatai, lakini unamfaa aliyekwisha kuambiwa 641. Haukufikishi pale kama hujui unakokwenda. Njia ya mzunguko wa 64 inakufikisha.

Kugawanya kwenyewe kukatoa:

4,294,967,297 ÷ 641 = 6,700,417

Wengi wanaishia hapo. Mimi nilitaka kujua kama 6,700,417 nayo inavunjika. Kipeuo chake cha pili ni 2,588 na kitu. Jambo la kushukuru ni kwamba kigawo chochote cha 6,700,417 ni kigawo cha namba kubwa pia, kwa hiyo kinabanwa na sheria ileile ya 64. Hadi 2,588 kuna namba 40 zenye sura hiyo, nyingine si tasa. Ni kazi ya jioni moja. Lakini mpwa wangu alinionyesha kwenye kitabu chake kwamba Mfaransa Édouard Lucas, mwaka 1878, aliibana sheria zaidi: badala ya 64 ni 128.

Nilitaka kuona kwa nini kabla ya kuitumia. Chukua a = 2²⁴ − 2⁸, uipandishe kipeo cha pili:

a² = 2⁴⁸ − 2 × 2³² + 2¹⁶ = 2¹⁶ × (2³² + 1) − 2³³

Sehemu ya kwanza inagawanyika kwa p, itupe. Imebaki −2³³, yaani −2 × 2³². Na 2³² ni −1. Kwa hiyo a² ni 2! Basi a⁶⁴ ni sawa na 2³², nayo ni −1. Mzunguko wa a unafika 1 kwenye hatua ya 128, si kabla, na 128 inagawa p − 1. Hesabu ya mistari mitatu, na inakata orodha katikati.

Zenye sura ya kigawe cha 128 kikiongezewa 1, hadi 2,588, ni ishirini. Ukichuja zisizo tasa zinabaki 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. 257 tulishaitoa. 641 lazima ijaribiwe tena, maana huenda imo mara mbili. Nikagawanya 6,700,417 kwa kila mmoja, kugawanya kule kwa darasa la tano:

kwa 641, baki 44
kwa 769, baki 120
kwa 1,153, baki 334
kwa 1,409, baki 622

Hakuna iliyoingia. Basi 6,700,417 ni tasa, na namba yetu ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Ukivijumlisha vyote unapata 4,301,668,356. Na kama ungependa uhakiki wa sheria ya Lucas, 6,700,416 ni 128 × 52,347, na 640 ni 128 × 5.

Nilipompigia mpwa wangu simu kumwambia kwamba kugawanya kwenyewe hakukuzidi mara tano, akataka ushahidi. Nikampigia picha kurasa za daftari. Akajibu, “Mjomba, sasa itafutie miraba.”

Alichomaanisha ni hiki. Namba yetu ni jumla ya vipeo viwili vya pili, hilo liko wazi: 65,536² + 1². Namba tasa haiwezi kuandikwa hivyo kwa njia zaidi ya moja. Kwa kuwa yetu si tasa, na vigawo vyake tasa vyote viwili vinaacha baki 1 ukivigawa kwa 4, lazima iwepo njia ya pili. Nayo ilijificha wapi?

641 ni rahisi: 625 + 16, yaani 25² + 4². Kwa 6,700,417 sikutaka kubahatisha. Kuna fomula ya zamani ya Brahmagupta, Mhindi wa karne ya 7, inayosema ukizidisha jumla ya miraba miwili kwa jumla nyingine ya miraba miwili, unapata tena jumla ya miraba miwili:

(a² + b²)(c² + d²) = (ac + bd)² + (ad − bc)²

Na ukibadilisha ishara ya katikati, ac − bd na ad + bc, unapata njia ya pili. Nikaweka a = 25 na b = 4, nikataka upande wa kulia uwe 65,536² + 1². Kutafuta c na d kukawa kugawanya kwa 641 tu:

c = (25 × 65,536 − 4) ÷ 641 = 1,638,396 ÷ 641 = 2,556
d = (4 × 65,536 + 25) ÷ 641 = 262,169 ÷ 641 = 409

Zote zikaingia bila baki. Kwa hiyo 6,700,417 = 2,556² + 409². Ukirudisha kwenye fomula unaona kilichokuwa kikitendeka chini kwa chini: 25 × 2,556 + 4 × 409 ni 63,900 + 1,636, ambayo ni 65,536; na 25 × 409 − 4 × 2,556 ni 10,225 − 10,224. Ile “+1” ya Fermat imetoka hapo, tofauti ya namba mbili zilizobebana.

Badilisha ishara: 63,900 − 1,636 = 62,264, na 10,225 + 10,224 = 20,449. Basi

4,294,967,297 = 62,264² + 20,449²

Nikahakiki: 3,876,805,696 na 418,161,601, jumla inakubali. Halafu macho yakaona kitu ambacho hakikuombwa: 20,449 ni 143 × 143. Kwa hiyo namba yetu ni 62,264² + 143⁴. Sidhani kina maana yoyote kubwa, lakini nilikizungushia duara.

Sifa nyingine ya namba hii inawahusu wanaotumia kanuni ya Fermat kama mtihani wa kutambua namba tasa. Mtihani unasema: chukua 2 kwa kipeo cha namba pungufu ya moja, gawanya kwa namba, ukipata baki 1 basi huenda ni tasa. Hapa kipeo ni 2³², kinachogawanyika kwa 64, na 2⁶⁴ tulishaona ni 1. Namba yetu inafaulu mtihani huo kwa alama zote, na si tasa. Ukitaka kuinasa kwa mtindo huo unatumia 3 badala ya 2, kwa kipimo cha Théophile Pépin cha mwaka 1877: 3 kwa kipeo cha nusu ya 2³² ingepaswa kutoa −1, na haitoi. Kwa mkono hiyo ni miraba 31 ya namba za tarakimu hadi kumi. Sikuijaribu wala sina mpango.

Upande wa jiometri nao una jambo lake. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa na miaka 18, alionyesha kwamba umbo sawa la pande 17 linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Miongoni mwa maumbo ya pande witiri, yanayochoreka ni yale ambayo idadi ya pande ni namba tasa za Fermat zilizozidishwa pamoja bila kurudiwa. Kipande cha mwisho cha uthibitisho kilitoka kwa Pierre Wantzel mwaka 1837. Kwa hiyo umbo la pande 4,294,967,295 linachoreka kinadharia, na la pande 4,294,967,297 halichoreki, 641 imeliharibu.

Mpwa wangu bado hakuridhika. Akanitumia ndugu anayefuata, 2⁶⁴ + 1, yaani 18,446,744,073,709,551,617, akiniambia aliyeivunja ni Fortuné Landry, mwaka 1880, akiwa mzee wa miaka 82, na kigawo chake kidogo ni 274,177. Hii sikujidanganya kuitafuta. Sheria ya Lucas hapa ni kigawe cha 256 kikiongezewa 1, na 274,177 ni 256 × 1,071 + 1, kwa hiyo orodha ya washukiwa kabla yake ni ndefu hata baada ya kuchuja. Lakini kuhakiki ni kitu kingine na kutafuta ni kingine. Nikaanzia 2¹⁶, kipeo cha pili, kipeo cha pili tena:

2³² = 4,294,967,296; 274,177 × 15,665 = 4,294,982,705; pungufu ya 15,409
15,409 × 15,409 = 237,437,281
274,177 × 866 = 237,437,282

Pungufu ya 1 tena. Nikampigia picha mistari hiyo mitatu, nikamwambia ndugu wa baada ya huyo, 2¹²⁸ + 1, amfuate mwenyewe na kompyuta yake, kwa sababu kigawo chake kidogo kina tarakimu 17.